Piga Hodi Kwanza

Upo msemo ulioingia visiwani kwetu pamoja na mahoteli ya kitalii, nao unasema kwamba mteja ni mfalme. Umebandikwa madukani, hufundishwa vijana wanaotafuta kazi za mapokezi, na siku hizi hata mtu aliyesimama mbele ya gari la miwa na noti yake moja iliyokunjamana huutaja akidhani ametoa hoja. Mimi msemo huu siupendi, na katika kurasa hizi nakusudia kuupinga. Sisi watu wa Unguja tulikuwa na mfalme wetu, akaondoka Januari 1964, na wale tuliokuwa watoto siku zile tumeyaona yaliyofuata, mazuri na mabaya. Sioni sababu ya kumrejesha leo, tena akiwa na bakuli mkononi, akimwamrisha mama muuza urojo.

Ninalotaka kulizungumza ni dogo kwa sura. Ni adabu ya kumwomba mtu anayetengeneza kitu kwa kuchanganya akutengenezee chako peke yako, tofauti na kile anachowapa wengine. Wazungu wana vinywaji vyao vinavyochanganywa baa mbele ya macho ya mnywaji, na nasikia wana maneno mengi juu ya namna ya kumwagizia mchanganyaji. Mimi si mtu wa baa, sikupata kuingia katika uhai wangu wote na sidhani kama nitaanza sasa. Lakini sisi nasi tuna wachanganyaji wetu: muuza urojo, muuza juisi, kijana wa miwa anayeulizwa habari za tangawizi na ndimu, na wale wanaokunja pizza ya Zanzibar pale Forodhani, ambao mteja huwaambia tia hiki, toa kile, mpaka unga umechanika. Jambo ni moja. Mtu ana kazi ya mikono yake, na mwengine anataka kuingia ndani ya kazi hiyo. Aingieje?

Nianze na urojo, kwa kuwa naujua vizuri zaidi na kwa kuwa unapikwa chini ya dirisha langu. Nakaa Michenzani, mtaa uliopewa jina la michenza ingawa miti hiyo ni shida kuiona sasa, katika yale majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki zama za Mzee Karume. Jioni inapoingia, meza hutokeza chini ya majumba, taa zikawashwa, na foleni zikaanza.

Msomaji asiyeujua urojo aelewe kwamba msingi wake ni ule mchuzi wa rangi ya manjano, mzito kidogo, wa unga wa ngano, uliotiwa uchachu wa embe mbichi, ukwaju au ndimu. Mchuzi huo haupikwi mbele yako. Umeshapikwa, umeshaonjwa, umeshakubaliwa na aliyeupika, na hapo mezani unawekwa uwe moto tu. Ndani ya bakuli huingia viazi vya kuchemsha, bajia, kachori, mishikaki, na pengine yai. Bajia na kachori tulizipata kwa Wahindi. Kuzitupia zote katika bakuli moja na kuzimwagia mchuzi mchachu ni ujasiri wetu wenyewe. Juu huja chipsi za muhogo zilizokatwa nyembamba, kisha chatne ya nazi. Mkono wa muuzaji hodari hausimami hata mara moja katika safari hiyo, na macho yake yako kwa mtu wa pili na wa tatu katika foleni. Mwisho kabisa, kijiko kikiwa juu ya kikopo, ndipo anapokutazama na kuuliza neno moja: "Pilipili?"

Hilo swali ndilo ninaloliandikia makala haya. Pale ndipo alipokufungulia mlango. Mchuzi ni wake, mpangilio ni wake, kasi ni yake, lakini ukali wa pilipili amekuachia wewe, kwa sababu anajua kwamba ulimi wa mtu mmoja si ulimi wa mwengine. Ukimwambia "kidogo", "nyingi", "usitie", "nizidishie na ndimu", umeingia kwa mlango. Ukimwambia aupunguze uchachu mchuzi uliopikwa tangu mchana, umeingia kwa dirishani.

Na sisi ni watu wa hodi. Mtoto wa Kiswahili hafundishwi kusoma kabla ya kufundishwa kupiga hodi. Unasimama nje, unapiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usipojibiwa unarudi zako bila ya kununa. Hata nyumba ya ndugu yako wa tumbo moja huingii mpaka uambiwe karibu. Iweje basi mtu huyu huyu, akishapata elfu tatu mfukoni, aone kwamba meza ya mama wa watu haina kizingiti?

Nieleze niliyoyaona. Mwaka juzi, jioni moja ya mwezi wa Agosti, wakati ndugu zetu wanaoishi nje wanapojaa mjini, nilikuwa katika foleni ya watu kiasi cha kumi na mbili. Mbele yangu alikuwapo bwana mmoja wa makamo, kavaa vizuri, ananukia vizuri. Hakusalimia. Alipofika mezani alialisha vidole, kisha akaanza: hataki viazi, anataka mishikaki mitatu lakini itolewe kwenye vijiti na ikatwe tena, bajia ziwe za mwisho kutiwa zisilowane, mchuzi uwe mwepesi, tena usiwe na manjano mengi, chatne iwekwe pembeni katika kisahani, na kachori ipasuliwe aone ndani. Mama alijaribu. Aliutia maji ya moto mchuzi wa bakuli lile, akakata nyama, akatafuta kisahani ambacho hakuwa nacho akatumia kifuniko. Foleni ikarefuka hadi barabarani. Yule bwana akaonja kijiko kimoja, akasema "Siyo", akaliweka bakuli juu ya meza na kugeuka aende zake.

Nilimwambia, kwa ile sauti ya skuli ambayo haijanitoka pamoja na kustaafu, kwamba bakuli lile ni lake. Alilipa, lakini alilipa kama mtu anayetoa sadaka, na hapo ndipo hasira yangu ilipozidi. Hakuelewa kwamba anadaiwa. Bakuli lililokwisha kukorogwa halirudi sufuriani. Lile alilolitengeneza kwa maneno yake mwenyewe halimfai mtu mwengine yeyote duniani, maana nani mwengine anataka urojo uliotiwa maji? Na mama yule, kama wenzake wote wa pale, mtaji wake ni wa siku moja kwa siku moja. Anachouza leo ndicho kinachonunua viazi vya kesho. Kila kinachomwagwa kinatoka katika viazi hivyo.

Mimi na rafiki yangu mmoja wa barazani, karani mstaafu, tumelibishania hili wiki nzima. Yeye kauli yake ni fupi: "Pesa yangu, tumbo langu." Kwamba mnunuzi asiyepata anachokitaka ameibiwa, na muuzaji asiyeweza kubadilika aache biashara. Nilimjibu, na ninamjibu tena hapa kwa maandishi ili asiseme sikumjibu: pesa yako inanunua bakuli, hainunui mkono. Mkono ule umejifunza kwa miaka. Umeunguzwa na mafuta. Unajua bila ya kupima kwamba kachori ya tatu itaufanya mchuzi uwe uji. Ukiukamata mkono huo na kuuendesha kwa amri, kijiko kwa kijiko, humtumii tena fundi. Umemfanya kuwa chombo, na ladha itakayopatikana ni yako wewe usiyejua kupika. Wahenga walikwisha kusema, mchagua nazi hupata koroma. Watu wale wale wanaoagiza kwa masharti saba ndio wale wale wanaolalamika kwamba urojo wa siku hizi hauna ladha.

Tena tusisahau tuko wapi. Soko la watumwa la mji huu lilifungwa mwaka 1873, na hali yenyewe ya utumwa ikaja kufutwa kisheria mwaka 1897. Si zamani sana hivyo. Bibi zetu walikuwa na bibi zao. Sauti ya mtu anayemwambia mwengine fanya hivi, ondoa hivi, rudia tena, bila ya jina wala salamu, ina historia katika vichochoro hivi, na sikio la Mzanzibari linaitambua hata kama mwenye kuitoa hajui anachokifanya. Mwenye kuitetea kwa jina la biashara ajue anatetea nini.

Sasa niwageukie wa upande wa pili, na hawa ni watu wa rika langu. Wao wanasema adabu ni kula ulichopewa. Kuomba kitu kibadilishwe, hata pilipili, ni ulafi na kumtia mwenzio dosari. Wanajisifu kwamba sisi zamani hatukuwa hivyo. Ni kweli hatukuwa hivyo, lakini tuseme na sababu. Sisi tuliopanga foleni ya mchele, unga na sukari ya mgao miaka ya 1970 hatukuwa na la kuchagua. Mtu aliyesimama tangu alfajiri akangojea kilo zake hamuulizi mgawaji kama kuna mchele wa namna nyengine. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 na vitu vikarudi madukani, tulirudi na ukimya wetu ule ule tukauita heshima. Ulikuwa ni uchovu. Sitaki wajukuu wangu waurithi kwa jina la adabu.

Isitoshe, wapo wenye haja. Mimi nina maradhi ya sukari, na nusu ya barazani kwetu wana sukari au presha. Mtu wa namna yangu akienda kwa muuza juisi na kunyamaza, ananyamazia afya yake. Lazima aseme. Swali ni lini na vipi. Juisi ya parachichi inayosagwa pale pale mbele yako ina mlango mpana: "Mwanangu, nisagie isiyo na sukari, tafadhali," na kijana anasaga bila ya taabu yoyote, mara nyengine hukupunguzia na bei kwa sukari aliyoiokoa, ingawa hilo usilitegemee. Lakini juisi ya ukwaju iliyokwisha kutiwa sukari nyumbani na kuletwa katika ndoo haina mlango huo. Kumwambia "nitolee sukari" ni kumchezea. Unamshukuru, unakunywa maji, unaondoka. Na mtu mwenye kudhurika na njugu au mayai aulize kabla ya chochote kuguswa, tena aulize waziwazi, maana hilo si suala la ladha hata kidogo na muuzaji yeyote mwenye akili atalipokea.

Nilisomesha Kiswahili kwa miaka mingi, baada ya kufundwa ualimu katika Chuo cha Nkrumah kule Beit-el-Ras, ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa. Kwa hiyo msomaji ataniwia radhi nikimrejesha darasani dakika moja. Lugha yetu ina ile kauli ya kutendea. Kitenzi changanya kinakuwa changanyia, koroga kinakuwa korogea, tengeneza kinakuwa tengenezea. Mtu akisema "nichanganyie", katika neno moja lisilozidi herufi kumi na mbili mna watu wawili: mwenye kuchanganya na mwenye kuchanganyiwa. Lugha yenyewe imekataa kumwacha mmoja nje. Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwaambia walitazame neno hilo kama nyumba ya vyumba viwili, na ajabu ni kwamba siku hizi wenye kuagiza hawalitumii. Husema "nataka". "Nataka juisi, nataka isiwe na barafu, nataka haraka." Katika "nataka" hamna mtu mwengine. Uko peke yako na tumbo lako. Naye anayesema "naomba unichanganyie" hajajidhalilisha hata chembe. Heshima si utumwa, kama walivyosema wenye lugha.

Hili la urojo na juisi lina ndugu yake mkubwa kule pwani ya kaskazini, mahotelini, ambako wengi wa wanafunzi wangu wamepata riziki. Mmoja wao ni mchanganyaji wa vinywaji katika hoteli ambayo sitaitaja. Alikuja kunitembelea Idi, tukazungumza sana juu ya kazi yake. Kuhusu pombe tuliambiana tuliyoambiana na hilo ni baina yangu na yeye. Kuhusu kuomba na kuombwa alinifundisha mimi.

Alisema wageni wake ni wa namna tatu. Wa kwanza hufika saa ya machweo, watu wakiwa wamejaa na kila mmoja akitaka glasi yake kabla jua halijazama, akaagiza kinywaji alichokipata katika baa ya mji wake, chenye vitu tisa, viwili kati yake havipatikani Unguja nzima. Akiambiwa havipo, hukasirika. Kijana huyo haruhusiwi kusema "haiwezekani"; amefundishwa aseme "ngoja nijaribu", kwa hiyo hujaribu, hushindwa, na lawama humwangukia. Wa pili ni yule anayeegemea kaunta akasema, "Nitengenezee chochote, nishangaze." Huyu hujiona mpole. Lakini mchanganyaji si mpiga ramli. Hajui kama mtu huyu anapenda kitamu au kichachu, kama anakunywa pombe au hanywi, kama tangawizi inamuumiza tumbo. Akikosea analaumiwa kwa kosa ambalo hakupewa nafasi ya kuliepuka. Kumtwisha mtu uamuzi wako wote ni kumtwisha mzigo, hata ukiutwisha kwa tabasamu.

Wa tatu ndiye aliyemfanya kijana wangu anyooke kitini. "Mwalimu," aliniambia, "mtu akija pamepoa, akanisalimia, akaniambia anataka kitu kichachu, kisicho na pombe, chenye tangawizi, kisha akaniachia mwenyewe, mimi hufurahi mpaka nafunga kazi." Kwa mgeni mmoja wa namna hiyo alitengeneza kinywaji cha ukwaju, tangawizi iliyopondwa, ndimu na sukari kidogo, na sasa wenzake nao wanakitengeneza. Sikiliza alichopewa: ladha, mpaka, na nafasi. Hakupewa vipimo. Mgeni alisema anachokihisi mdomoni mwake, jambo analolijua yeye peke yake, na akamwachia fundi namna ya kulifikia, jambo analolijua fundi peke yake. Kila mmoja alibaki katika chumba chake cha nyumba ile.

Na jina la kitu nalo liheshimiwe. Wachanganyaji wa Marekani walianza kuviandika vitabuni vinywaji vyao zamani. Jerry Thomas alichapisha chake huko New York mwaka 1862. Faida ya jina ni kwamba mtu anatamka neno moja na pande zote mbili zinajua kinachokuja. Ni mkataba. Ukitaka urojo usio na mchuzi mchachu, usio na bajia wala kachori, hutaki urojo. Unataka viazi vya kuchemsha, na vipo, na bei yake ni ndogo. Vitake kwa jina lake.

Fundi mwenye hekima hujenga mlango wake mapema ili asisumbuliwe. Nairobi, katika mkahawa wa Carnivore uliofunguliwa mwaka 1980, kuna kinywaji kilichopata sifa kwa jina la dawa, kilichoigwa kutoka caipirinha ya Brazili. Ni pombe kali pamoja na ndimu, barafu na asali, na ndani yake hutiwa kijiti chenye asali kilichoganda juu yake. Mnywaji huponda ndimu kwa kijiti hicho na kukoroga mwenyewe. Akitaka utamu zaidi anakoroga zaidi. Sitakionja, lakini akili yake naisifu. Mchanganyaji amefanya kazi yake yote, na kile kipimo cha mwisho, ambacho watu hugombania siku zote, amekitia mkononi mwa mteja akamwambia haya, ni wewe na kijiti chako. Wakenya wana na dawa nyengine isiyo na pombe, ya maji moto, ndimu, tangawizi na asali, ambayo mtu wa dini anaweza kunywa bila ya wasiwasi na mafua yakaondoka.

Kwa upande wa pili, zipo kazi ambazo hazina mlango kabisa, na huo pia ni uungwana wa aina yake. Nenda kwa muuza kahawa wa Jaws Corner au wa barazani kwetu. Kahawa ni chungu. Hakuna maziwa, hakuna sukari, hakuna kikombe kikubwa. Sijapata kumsikia mtu wa mjini akimwambia muuza kahawa "nitilie maziwa", na hakuna aliyeona kwamba uhuru wake umevunjwa. Anayetaka utamu hununua kashata au kipande cha halua akatafuna huku anakunywa. Utamu unakaa nje ya kikombe. Rafiki yangu wa "pesa yangu, tumbo langu" hunywa vikombe vinne kila jioni vya kahawa asiyoichagua, na hili nimemkumbusha mara nyingi.

Saa nayo ina hukumu yake. Ramadhani, dakika ishirini kabla ya adhana ya magharibi, foleni zote za mji huu ni za watu wenye njaa wanaotaka kufika nyumbani. Wakati huo mlango wa muuzaji ni mwembamba kama tundu ya sindano: "pilipili au hapana" basi. Mwenye haja zake maalumu awahi alasiri, au aje siku ya kawaida saa tatu za usiku, meza ikiwa nyeupe, ambapo atakuta mama amekaa kitako na yuko tayari hata kumweleza siri ya chatne yake. Kitu kile kile kilichokuwa usumbufu saa kumi na mbili kinakuwa mazungumzo saa tatu.

Ukiomba zaidi, ulipe zaidi, tena useme mwenyewe kabla hujaulizwa: "Na yai la pili niongezee kwenye hesabu." Usimwache muuzaji aone haya kudai. Ukiomba kisha ukakosa ladha uliyoitaka, maliza au ondoka, lakini lipa. Wewe ndiye uliyechora ramani. Na kama ulichokiomba kimetoka vizuri kuliko ulivyotarajia, mwambie. Sisi watu wa Unguja ni hodari wa kusifu vya harusini na mabahili wa kusifu vya mtaani.

Wanaofundisha vijana kazi za hoteli wana deni hapa. Wawafundishe, pamoja na tabasamu na namna ya kushika sinia, kusema kwa utulivu "hilo sina, lakini ninaweza kukutengenezea hili". Neno hilo halimfukuzi mgeni. Linalomfukuza ni "ngoja nijaribu" ya mtu anayejua kwamba hataweza. Na wenye mahoteli wanaobandika ule msemo wa mfalme ukutani waubandue, kwa kuwa anayeusoma kila siku si mgeni aliyekuja wiki moja. Ni kijana wetu anayesimama chini yake saa kumi mfululizo.

Jirani yangu wa ghorofa ya juu, bibi mmoja ambaye miguu haimruhusu tena kushuka ngazi, hununua urojo kwa kikapu na kamba. Ndani huweka bakuli lenye kifuniko, pesa iliyozidi kidogo, na kikaratasi. Siku moja kikapu kilinasa kwenye nguo zangu zilizoanikwa nikalazimika kukinasua, na kikaratasi nikakisoma. Kilisema: "Masalkheri mama. Pilipili kidogo, ndimu kama ipo. Foleni ikiwa ndefu nitangoja." Nilikishusha. Kilikaa chini karibu nusu saa, na kamba sikuiona ikitikiswa hata mara moja.